Faili la Tusekile

Orodha ya wanaoondoka ilikuwa na jina moja tu Ijumaa ile, na Atuganile Mwambungu alilisoma mara tatu akidhani macho yanamchezea. Gwakisa Mwakibete, mwonjaji mkuu. Kufagiwa saa kumi kamili alasiri.

"Haiwezekani," alisema peke yake ofisini.

Lakini ilikuwa inawezekana, tena ilishapigwa muhuri. Atuganile alikuwa mtunza Kabati wa kampuni ya Ukungu Chai, mwaka wa tisa sasa, na alijua vizuri kwamba orodha ikifika mezani kwake mambo yameshakwisha huko juu. Kazi yake yeye ni kubonyeza.

Alikuwa bado ameishika ile karatasi mwenye jina aliposukuma mlango. Mtu mrefu, mabega yameanza kuinama, koti jeupe la waonjaji lina madoa ya chai kifuani.

"Shikamoo, Baba Tusekile."

"Marahaba, mwanangu. Naona umeshaipata." Gwakisa alivuta kiti bila kukaribishwa, akakaa. "Miaka thelathini na moja naonja chai ya watu hawa. Jana wameniita, wakanipa soda, wakaniambia ulimi wangu wote umo Kabatini, viwanda vyote vinne vinautumia. Kwa hiyo mimi niliyebaki ni mzee wa kula bure." Alicheka, kicheko kikamfia njiani. "Sikuja kulalamika. Nina faili langu moja humo, la nyumbani. Nataka kutoka nalo."

Miaka tisa Atuganile amekuwa akiisikia sentensi hiyo, kwa kila anayeondoka, na miaka tisa hajaizoea.

Kabati, kwa ambao hawajafanya kazi Ukungu, ni hivi. Kila mfanyakazi ana njugu moja ya chuma nyuma ya sikio la kulia. Asubuhi akipita getini njugu inasawazishwa: anachokijua yeye ambacho Kabati halikijui kinapanda, kinachojulikana Kabatini ambacho yeye hakijui kinashuka. Fundi wa kiwanda cha pili akigundua leo namna ya kuziba bomba la mvuke, kesho mafundi wa viwanda vyote wanaingia kazini wanajua, na mikono imeshazoea. Muuzaji akiugua, mwenzake anaendelea na mteja yule yule kutoka neno walipoishia, hata utani wao anao. Na kufuli zake, we acha tu! Hakuna mwizi aliyewahi kulifungua. Watu wa viwanda vya saruji na vya nguo walikuwa wakija kwa mabasi kulitazama, wanatikisa vichwa, wanarudi kwao kuagiza la kwao.

Sasa watu ni watu. Mpe mtu kabati kubwa, imara, lisiloungua wala kuibiwa. Wiki ya kwanza ataweka mambo ya ofisi, wiki ya pili ataingiza cheti cha ubatizo. Mkataba ulikataza, ukurasa wa kumi na tisa. Nani kasoma ukurasa wa kumi na tisa? Watu wa Ukungu waliweka humo harusi zao, sauti za mama zao marehemu, siku walizofaulu mitihani, na wakayapa mafaili hayo majina ya kazi ili mkaguzi asishtuke. Atuganile mwenyewe alikuwa na "Ripoti ya Mvua, Robo ya Tatu", na ndani yake alikaa bibi yake anamenya ndizi.

Ubaya ni kwamba kichwa cha binadamu ni kivivu, jamani. Kikijua kitu kipo Kabatini, kinakiachia. Hilo liligunduliwa watu wakiwa wameshahamishia maisha yao kule: ulichokiweka Kabatini, kichwani hakibaki, unakiazima tu kila asubuhi. Ndiyo maana mfanyakazi akiondoka hafagiwi siri za kampuni peke yake. Anafagiwa kila kilichopitia mle.

"Faili linaitwaje?" aliuliza Atuganile, ingawa alitamani asiulize.

"Mchanganyiko wa Kumi na Nne."

"Na ndani yake?"

"Ndani yumo Tusekile."

Hapakuwa na mtu Ukungu asiyejua habari ya Tusekile. Mtoto wa miaka sita, binti pekee wa Gwakisa na mkewe Subilaga. Alizama kwenye tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba yao, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu mfuniko ulikuwa wazi. Mwaka mmoja baada ya mazishi mume na mke walikuwa hawalali nyumba moja.

"Umeweka yote?" Atuganile aliuliza taratibu. "Hukubakiza hata siku moja nje?"

"Ningebakizaje, na mahali pale ndipo palipo salama?" Gwakisa alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto. "Tangu alivyozaliwa. Jino la kwanza, homa zake, namna alivyokuwa akinisahihisha nikikosea kuhesabu. Picha nazo zimo. Nikifungua nakuwa naye, Atu, hivi ninavyokuona wewe."

"Faili halitoki nje ya kampuni, Baba Tusekile. Likivuka geti na mtu asiye mfanyakazi tena, linajiunguza lenyewe, ndivyo lilivyotengenezwa. Njia ni moja tu, kubadilisha mwenye faili. Ukimwachia mfanyakazi mwingine linabaki hai kwake. Kwako litaondoka, lakini litakuwa lipo."

"Mwingine nani?"

"Umelishiriki na mtu mmoja tu. Mama Tusekile."

Uso wa Gwakisa ulifunga. Alisimama, akavuta koti lake chini kwa mikono miwili.

"Subilaga? Yule aliyeacha mfuniko wazi? Unataka nimkabidhi mtoto mara ya pili?"

"Usipomkabidhi, saa kumi likifutika kwako linafutika na kwake. Wewe ndiye mwenye faili. Hapatakuwa na mtu duniani anayemkumbuka Tusekile kama mzazi. Majirani watakwambia ulikuwa na mtoto, watakupeleka hata kaburini, nawe utasimama pale kama mgeni."

"Basi na lifutike!" alisema kwa nguvu, akiushika mlango. "Nitakuwa chumba cha kuonjea. Nitakaa naye mpaka saa kumi."

* * *

Atuganile alimpigia simu mkuu wa usalama, Bwana Kilembe, mtu asiyekuwa mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi zaidi.

"Ni mtoto, bwana. Mtoto aliyekufa."

"Najua, Atu. Nilikwenda kuzika." Kilembe alishusha sauti. "Juzi juzi hapa mtu aliomba kutoka na harusi ya dada yake. Tukamwonea huruma, tukakagua kwanza. Ndani ya harusi kulikuwa na michanganyiko saba ya kampuni, imepangwa mezani pamoja na pilau. Nikiruhusu moja, nimeruhusu zote. Na Kabati lenyewe halitaki, hata nikisema ndiyo. Pole sana."

Akakata. Atuganile alibaki ameikodolea macho simu. Kisha, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya, akafungua daftari la faili lile. Daftari halionyeshi yaliyomo. Linaonyesha jina, mwenye, wanaoshiriki, na matoleo: faili limebadilishwa mara ngapi, lini, na nani. Mafaili ya marehemu huwa na toleo moja. Watu hawahariri wafu wao.

Hili lilikuwa na matoleo mawili. La pili lilitengenezwa na Gwakisa siku tisa baada ya mazishi. Chini yake palikuwa na mstari mmoja:

*Mgongano. Nakala ya anayeshiriki haipatani na ya mwenye faili. Imekubaliwa ya mwenye faili. Aliyekubali: A. Mwambungu.*

Aliusoma mstari ule taratibu, jina lake likiwa mwisho.

Hakukumbuka chochote. Angekumbukaje? Jumatatu iliyofuata kulikuwa na migongano mia tatu na arobaini kwenye trei yake, ikisubiri idhini. Trei hiyo ilikuwa na desturi yake, desturi aliyoikuta ofisini, aliyofundishwa na mtunza Kabati wa zamani wiki yake ya kwanza: Jumatatu trei iwe tupu kabla ya chai ya saa nne. "Usisome," yule mama alimwambia, "utazeeka. Mwenye faili ndiye mwenye haki. Bonyeza kubali zote, ukanywe chai." Na Atuganile alibonyeza. Miaka tisa alibonyeza kila Jumatatu, na chai ilikuwa nzuri.

Alivua ufunguo shingoni. Kufungua yaliyomo bila ruhusa ya mwenye ni kosa la kufukuzwa kazi, na hajawahi kulifanya. Alikaa kwenye kiti cha njugu, akaegemeza kichwa, akafungua toleo la kwanza, siku ya mwisho.

Ilikuwa adhuhuri, na alikuwa akiona kwa macho ya Gwakisa. Amerudi nyumbani kula. Tusekile amekaa kizingitini, miguu imechafuka, anawapanga siafu waliokufa na kuwapa majina ya walimu wake. Gwakisa anacheka. Anakwenda nyuma ya nyumba kunawa, anauinua mfuniko wa tangi, anauegemeza ukutani, anachota. King'ora cha kiwanda kinalia: jiko la kukaushia limezimika, tani nzima ya majani itachacha. Anakimbia huku anajifuta mikono kwenye koti. "Baba, bado hujamwona Mwalimu Mkuu!" sauti inamfuata. "Nikirudi!" anasema. Pembeni kabisa ya jicho, mfuniko bado umeegemea ukuta.

Atuganile alifungua toleo la pili.

Ukilitazama unaona kwamba yule bwana hakutaka kumsingizia mtu. Alijikata yeye tu. Kunawa, king'ora, mbio, alikata kila palipokuwa na mikono yake, akaacha pengo. Alitaka asiwepo, basi. Lakini Kabati halikutengenezwa kuacha mapengo. Lilitengenezwa kwa ajili ya ripoti za biashara, na ripoti ikikosa mstari Kabati huujaza lenyewe kwa kuchukua kinachoelekea kuwa kweli kutoka kwa wengine wanaoshiriki. Nani mwingine huchota maji kwenye tangi lile? Lilichukua mikono ya Subilaga kutoka asubuhi nyingine kabisa, likaishonea pale, mfuniko ukutani. Hata mwanga lilibadilisha ukalingana.

Kesho yake getini likasawazishwa. Gwakisa aliingia kazini akijua kwamba mkewe ndiye, na bila kujua kwamba amekata chochote, maana kule kukata kwenyewe kulikuwa sehemu ya kilichokatwa. Kwa Subilaga lilikataa kuingia. Kichwa chake kilisema hapana, mimi niliufunika. Hapana ile ndiyo ilikuwa mgongano. Ililala kwenye trei ya Atuganile katikati ya migongano mia tatu na arobaini, mwanamke mzima akipiga kelele humo, na Atuganile akaenda kunywa chai.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Ee Mungu wangu, nimefanya nini?"

Ilikuwa saa tano kasoro. Na tusimpambe: hakuinuka. Alikaa pale mpaka saa saba, mikono mapajani, akijidanganya kwamba anafikiri. Alikuwa anaogopa. Kila mara alipojiambia aende, alikiona kile kistari chenye jina lake, akabaki kitini. Saa mbili hizo atazitafuta baadaye na hatazipata.

* * *

Wafungashaji hutoka kula saa saba. Subilaga alikuwa bombani nyuma ya banda, ananawa, kofia ya wavu bado ipo kichwani. Mwanamke wa miaka arobaini aliyenyooka, asiyesema sana siku hizi.

"Nimesikia," alisema kabla ya salamu. "Amekataa kuniachia, eti?"

"Amekataa, dada Subi."

"Ana haki yake."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?" Alikung'uta maji mikononi. "Umekuja kunipa pole au umekuja na neno?"

"Nataka kukuuliza. Siku ile, unakumbuka nini?"

Subilaga alimtazama sana. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alionekana amechoka tu.

"Asubuhi nilichota maji. Naiona mikono yangu inauweka mfuniko ukutani, halafu naondoka. Naiona kabisa, Atu, na hili kovu la kisu naliona. Kila jioni nikifungua nimwone mwanangu, sharti niipitie mikono hiyo kwanza. Hairukiki." Akafunga bomba. "Ajabu ni kwamba mwanzoni nilibisha. Muulize mama mkwe. Nililia pale msibani naapa kwamba niliufunika, kwamba niliukanyaga kwa mguu nikahakikisha. Siku tisa na zaidi naapa. Halafu asubuhi moja nikapita getini, nikajua. Nikaona aibu, mweh! Jioni nikampigia magoti mume wangu nikaomba msamaha."

"Akasemaje?"

"Atasemaje? Aliniruka akaenda zamu."

Ulimi wa Atuganile ulikuwa tayari. Maneno yalikuwa mafupi: si wewe. Lakini angeyasema, na halafu? Saa kumi faili lingefutika, na mwanamke huyu angebaki na maneno ya Atuganile juu ya mtoto asiyemkumbuka. Au libadilishwe mwenye jinsi lilivyo, kesho getini lisawazishwe tena, na mikono ile irudi pale pale. Maneno hayawezi kushindana na unachokiona mwenyewe. Palihitajika toleo la kwanza, na mwenye ruhusa ya kulirudisha alikuwa mmoja.

"Mwambie nalitaka," Subilaga alisema, na sasa sauti ilianza kupasuka. "Mwambie namwomba. Hata na mikono hiyo, sijali. Ndani yake mimi ni muuaji, sawa, lakini na yeye yumo anacheka. Nikilikosa, nitakuwa mama wa nani mimi?"

"Nenda kaombe ruhusa kwa msimamizi," Atuganile alisema. "Kakae kwenye kiti cha njugu hapo bandani, usiinuke mpaka nikwambie."

* * *

Chumba cha kuonjea kina meza ndefu ya vigae vyeupe, vikombe vimepangwa mstari mmoja. Gwakisa alikuwa kitini, macho yamefumba, anatabasamu. Atuganile alimgusa bega na kujichukia kwa kumgusa.

"Baba Tusekile. Faili lako lina toleo la zamani. Ulilibadilisha wewe, na hujui. Una haki ya kuliona."

"Nilibadilishe mimi? Nini?"

"Tazama mwenyewe."

Alimfungulia. Inachukua dakika nne. Dakika ya tatu tabasamu lilitoka, na dakika ya nne mkono wa kulia ulianza kujifuta kwenye koti, wenyewe, juu na chini.

"Nirudishie," alisema.

Akatazama tena. Na mara ya tatu. Kisha alifungua macho, akaviangalia vikombe vile kama hajawahi kuviona.

"Nilikuwa nawahi kuwasha jiko lao," alisema. "Jiko, Atu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa na hiyo ndiyo iliyotisha. "Akanipigia magoti. Mke wangu alinipigia magoti sakafuni, nami nikamruka nikaenda kazini."

"Na mimi ndiye niliyekubali mgongano. Alisema hapana, na mimi nikabonyeza. Sikusoma."

Hakumsikia, au hakuona kwamba hilo ni kitu. "Mpe," alisema. "Rudisha hili la kwanza, umpe yeye. Kwanza niende nikampigie magoti, halafu umpe."

Atuganile alitazama saa ukutani. Saa nane na dakika kumi.

"Muda hautoshi. Kurudisha toleo na kubadilisha mwenye ni saa moja na dakika arobaini, na wewe na yeye lazima mkae kila mmoja kwenye kiti chake. Ukiinuka linaanza upya. Yeye ameshakaa. Ukienda kwake, saa kumi inafika, linafutika kwenu wote."

"Nikikaa?"

"Analipata lote, na ukweli wake. Lakini likimfikia yeye, kwako limetoka hapo hapo. Na hili ulilolijua sasa hivi litatoka nalo." Alilazimika kuendelea. "Baba Tusekile, ulifikirie. Ukimpa hili, atajua kwamba si yeye. Atajua pia ni nani. Na huyo nani hatakuwepo. Atakuwa anatembea mtaani amepumzika, hana habari, hata wa kumtukana hatampata. Ukimpa lile la pili anaendelea kujiona muuaji mpaka anakufa. Mimi sijui lipi ni la huruma. Nimekaa tangu saa tano na sijui."

"Tangu saa tano?"

"Ndiyo."

Gwakisa alimtazama, na sasa alielewa. Saa tano angeweza kutembea mpaka bandani, akapiga magoti, akatukanwa, akapigwa hata kofi, na muda ungebaki. Halafu akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Anza," alisema. "Mwambie nilitaka kwenda. Mwambie hilo tu, usiongeze lako."

Atuganile alianza. Alikaa naye. Mtu yule alikuwa akimwangalia binti yake kwa mara ya mwisho, na mara moja moja alisema kitu kwa sauti: "Saba, siyo nane," au "Lete huo mguu nikutoe mwiba." Kuelekea saa tisa na nusu machozi yalikuwa yanamtiririka bila kukoma, na Atuganile aligeukia dirishani kwa sababu hakuona kwamba ana ruhusa ya kuyatazama. Saa kumi kasoro dakika kumi taa ya kiti ikazimika.

Gwakisa alifumbua macho, akajigusa mashavu, akashangaa yana maji.

"Nililala?" aliuliza. "Nisamehe, mwanangu. Uzee huu." Akajinyoosha. Uso wake ulikuwa umetulia, umeng'aa, ni wa mtu aliyepata usingizi mzuri. Atuganile hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yule bwana dakika ile, wala kumwonea huruma mtu hivyo.

* * *

Saa kumi alibonyeza. Ulimi wa chai, majina ya wateja, siri za majiko ya kukaushia, vyote vikafagiwa, na Gwakisa Mwakibete akatoka akielekea getini na mfuko wake wa nguo na pakiti ya majani aliyopewa kwa kuagwa. Atuganile alimfuata kwa nyuma. Hakujua kwa nini anamfuata. Alikuwa na ujumbe na hakuwa na ujasiri wa kuupeleka bandani.

"Safari njema, Baba Tusekile!" mlinzi aliita kutoka kibandani.

Gwakisa hakugeuka.

Subilaga alitokea upande wa bandani akikimbia, kofia ya wavu imeninginia shingoni. Alikuwa ameinyoosha mikono yake mbele anaitazama huku anakimbia, anaigeuza, anaitazama tena. Alimpita Atuganile bila kumwona. Alimfikia mumewe nje kidogo ya geti, akamkamata koti kifuani.

"Ni wewe!" alipiga kelele. "Ni wewe, Gwakisa! Miaka mitatu! Nimelala na mikono hii miaka mitatu, nimetaka kuikata, kumbe ni wewe!"

"Subi." Alishtuka, lakini aliishika mikono ile kwa upole, yote miwili. "Mke wangu, tulia, watu wanatutazama. Nimefanya nini? Niambie, kama nimekosa nitaomba radhi." Hakuiachia ile mikono. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakuja kukutafuta. Nilikuwa natembea hapa najiuliza, hivi sisi tuligombania nini mpaka tukaachana? Nimefikiri, sioni kitu. Wallahi sioni. Twende nyumbani."

Subilaga aliacha kupiga kelele. Aliutafuta uso wake, jicho kwa jicho, muda mrefu, anatafuta mahali popote palipobaki.

"Dada Subi," Atuganile alisema nyuma yake. "Aliniagiza. Kabla hajasahau alitaka kuja kwako, alitaka kupiga..."

"Nyamaza wewe," Subilaga alisema bila kugeuka. "Jina lako nimeliona mle, chini ya mgongano."

Atuganile alirudi nyuma hatua moja.

Subilaga alisogea karibu zaidi na mumewe. Alisema taratibu, anavyosema mtu na mgonjwa.

"Tusekile."

Gwakisa aliinamisha kichwa upande mmoja, akafikiri. Alifikiri kwa dhati, ungeona kwamba anajitahidi, kwamba anataka kumpendeza.

"Jina zuri," alisema. "La nani?"